Simile, tone, ploti, setingi: siku yangu moja na fomu thrii

Saa 11 alfajiri alamu inalia naizima, inalia tena naizima, ya tatu ndo naamka kweli mana nikisubiri ya nne daladala za Rangi Tatu nitazikuta zimejaa mpaka mlangoni. Natoka Kongowe, nafundisha Kiingereza sekondari moja ya serikali huku Mbagala, mwaka wa saba sasa, nina fomu thrii mikondo miwili na fomu tuu mmoja. Watu huwa wananiuliza we madam unafundisha nini siku nzima, grama? Grama ipo, lakini kinachonitoa jasho ni yale majina ya fasihi na ufahamu, simile sijui metafa sijui ayironi, mtoto anayakariri kama majina ya dawa halafu ukimpa shairi la mistari minane hajui aanzie wapi.

Saa 12 na nusu niko kwenye gari, nimesimama, mbele yangu mama kajifunga khanga imeandikwa SISI SOTE ABIRIA DEREVA NI MUNGU. Konda anasema anti sogea nyuma kuna nafasi, nafasi yenyewe haipo, lakini akili yangu ishahamia kwenye ile khanga. Nikachomoa daftari nikaandika hivyo hivyo nimening'inia kwa mkono mmoja. Leo somo nimelipata, tena bure.

Mstarini, usafi, matangazo, mwanafunzi mmoja kachelewa na sababu yake ni ile ile ya jana. Tupite.

Saa 2 kamili naingia Thrii B, vipindi viwili mfululizo. Wako themanini na kitu, madawati ya watatu wanakaa wanne, kitabu kimoja watoto watano. Naandika ubaoni maneno matano ya Kiingereza kwa herufi kubwa, nawaambia kabla sijafafanua chochote yasomeni kwa sauti. Neno la kwanza SIMILE. Darasa zima kwa sauti moja: "Si-mi-le!" Kama lilivyoandikwa, Kiswahili kitupu. Pale nyuma kuna kijana akaangua kicheko hadi akalala kwenye dawati, nikamuuliza kuna nini, akasimama akasema madam hilo neno la baba yangu. Baba yake anasukuma mkokoteni Kariakoo. Siku nzima mzee kazi yake ndo hiyo, simile simile, yaani nipisheni mzigo unapita.

Basi hapo nikaacha kila kitu tukacheka wote, alafu nikawaambia sawa, ya Kariakoo inaomba njia, hii ya Kiingereza inatamkwa tofauti kidogo, mwishoni inaisha na "li", na kazi yake ni kuchukua vitu viwili visivyofanana kuviweka bega kwa bega halafu katikati unaweka neno la kulinganisha. Kiswahili tunasema kama, au mithili ya. Mwalimu wenu wa Kiswahili anaiita tashibiha. Vichwa vikaanza kutingishika, aaah tashibiha! Mana tashibiha wanaijua.

Nikaomba mifano. Binti mmoja mbele, mtulivu kabisa, akasema kwa Kiingereza "I like ugali", yaani napenda ugali. Akakaa kwa kujiamini. Na mimi hilo kosa nilishalikuta mara nyingi sana na silicheki, mana ukitazama kosa lenyewe mtoto katumia akili, aliambiwa ukiona "like", ambayo pia ina maana ya kama, hiyo ni simile, kaiona, kaitaja. Shida ni notsi zetu zinazofundisha kutafuta neno badala ya kutafuta kazi ya neno. Nikamrudisha kwenye Kiswahili, nikamuuliza "kama utakuja nitakupa", kuna neno kama hapo, ni tashibiha? Akafikiri. Hapana madam, hapo hamna kinachofananishwa na kingine. Haya sasa, wewe na ugali, nani kafananishwa na nani? Akaziba mdomo kwa daftari anacheka mwenyewe.

Halafu ndo nikaileta khanga. Nikaandika ubaoni sisi sote abiria dereva ni Mungu, nikauliza humu kuna neno kama? Hamna. Kwa hiyo aliyeandika anasema kweli, Mungu ni dereva? Kimya, alafu yule yule wa mkokoteni: "Mungu hana leseni madam." Darasa likavunjika. Nikamwambia usikae, rudia, hilo jibu lako ndo somo lenyewe. Ukiichukua sentensi neno kwa neno ikawa uongo, na wote tunaelewa na hakuna anayempeleka mwandishi polisi, basi kuna kitu kimebebwa kutoka sehemu moja kikatuliwa kwingine, udereva umetolewa barabarani umepelekwa mbinguni. Hiyo ndo metafa, na neno lenyewe asili yake ni Kigiriki, lina maana ya kubeba na kuvusha. Sitiari. Na sitiari nayo tumeitoa Kiarabuni, ina maana ya kuazima. Wakashangaa, kumbe hata Waingereza wanaazimaga. Nikasema kila mtu anaazima hapa mjini.

Saa 4 na nusu chai. Andazi moja la baridi, ofisi imejaa madaftari. Mwalimu mwenzangu wa Kiswahili keshapata habari, watoto hawana siri, akaanza mwalimu wewe unafundisha kipindi changu nilipwe. Tukabishana kama kawaida yetu. Yeye anasema wanafunzi wakifika fomu thrii keshawapa kila kitu, fani na maudhui, muundo, mtindo, wahusika, mandhari, dhamira, migogoro, ujumbe, sasa wakivuka ukuta kuingia kwangu wanakuwa kama hawajawahi kusoma fasihi. Na ni kweli. Hawa watoto wamesoma la kwanza hadi la saba kwa Kiswahili, fomu wani ghafla karibu kila somo Kiingereza, wakajenga kabati mbili kichwani na hakuna aliyewaambia nguo ni zile zile. Mimi ningekuwa na uwezo tungefundisha hiyo mada pamoja, wawili darasa moja, wiki mbili tu. Nimeshawahi kuomba, nikaambiwa ratiba hairuhusu.

Saa 5 na nusu Thrii A, ufahamu. Nimeandika kifungu mwenyewe kwa Kiingereza chepesi: mama anauza mihogo ya kukaanga kituoni, mvua inaanza, anavua khanga aliyojifunika kichwani anafunika mihogo, yeye analowa. Mistari sita. Swali la kwanza, mama anauza nini, mikono themanini juu. Swali la pili, huyo mama hali yake ya maisha ikoje na umejuaje? Mikono yote chini, mmoja akasema madam haijaandikwa.

Huu ndo ugonjwa mkubwa kuliko metafa na ndugu zake wote. Wamezoea kuwinda: unachukua neno la kwenye swali, unalisaka kwenye kifungu, ukilipata unanakili sentensi nzima na nukta yake. Sasa swali likiulizwa jambo lisiloandikwa mtoto anakuona wewe mwalimu umekosea kutunga.

Nikawaambia fungeni madaftari. Baba akirudi jioni, mnajuaje kama leo hana hela? Wee, darasa likawaka! Anapita kimya, haulizi chakula. Anawasha redio hasikilizi. Anaulizia mtoto gani kavunja beseni ambalo limevunjika toka mwezi wa tatu. Nikasema kuna mahali kasema "leo sina hela"? Hajasema. Sasa nani kawaambia? Tumeona tu madam. Haya, ndo hivyo hivyo, mama kalowa mwenyewe kaficha mihogo, mmeona nini? Binti wa dirishani akasema polepole, mihogo ikilowa kesho hana mtaji. Hilo neno mtaji kwenye kifungu halipo, kalitoa kwao. Nikamuomba aseme kwa Kiingereza, akasema kwa kukwamakwama, grama imepinda, nikampa alama zote. Kiingereza hiyo kazi ya kuunganisha dalili wanaiita infarensi, nikaandika neno ubaoni mwisho kabisa baada ya kitu chenyewe kushafanyika. Siku hizi ndo utaratibu wangu, kwanza mtu aione ndo nimwambie inaitwaje.

Saa 7 fomu tuu, nusu wana njaa nusu wanasinzia. Tulikuwa kwenye plot, yaani mtiririko wa matukio ya hadithi, na setting. Kwao ploti ni kiwanja, kila mtu huku ana mjomba dalali, na setingi ni za simu. Sikugombana nayo sana. Nikasema setingi za hadithi ni wapi, lini, mazingira gani, kama vile simu mpya unavyochagua nchi na saa kabla hujaanza kuitumia, wakaelewa fasta, ploti ikatushinda kengele ikalia. Kesho.

Saa 8 na nusu wengine wanaondoka, wachache wa fomu thrii wanabaki kwa rimidio, vipindi vya ziada, na ndo walioniletea balaa la siku: tone na mudi. Tone wanaisoma kama tone la maji, tushazoea. Mudi wanaijua, sina mudi leo, niko kwenye mudi. Lakini kwenye karatasi wanazichanganya, wanaandika moja mahali pa nyingine, na mimi mwenyewe niseme ukweli nilipokuwa mwanafunzi nilikuwa nabahatisha.

Nikawachezea igizo. Umefika kwa watu wanakula. Nikasema "karibu" ya mtu aliyefurahi, anasogeza kigoda. Nikasema "karibu" ya yule ambaye sahani iko chini na anaomba Mungu ukatae. Neno moja, herufi sita zile zile, na wote walijua ipi wakae ipi waseme asante nimeshiba. Hiyo ndo tone, msimamo wa anayesema unavyojionyesha. Kijana akauliza swali zuri sana, sasa kwenye kitabu hatusikii sauti yake tutajuaje? Nikaandika ubaoni: amefariki, ametutoka, amekufa, amedanja. Mtu ni mmoja, msiba ni mmoja. Nani anaandika amedanja? Wakasema mtu aliyekuwa hampendi, au mhuni. Basi sauti ya mwandishi inakaa kwenye neno alilochagua na lile aliloliacha. Yule kijana akafupisha vizuri kuliko kitabu, akasema kwa hiyo tone ni ya anayesema, mudi inambaki anayesoma. Niliiandika kwenye daftari langu, kesho naitumia Thrii B na nitasema ni ya kwangu, hapana natania, nitamtaja.

Saa 11 jioni foleni, simu ina asilimia tisa, nimepata siti ya dirishani nikasinzia mpaka konda akanigonga bega, anti umefika.

Saa 2 usiku nimekula, umeme upo (naugusa ubao hapa), nasahihisha jaribio la wiki iliyopita. Swali la tatu, tunga sentensi yenye tamathali ya semi na utaje jina lake, alama tatu. Wengi wameandika ile ile ya kwenye notsi, shujaa kama simba, karatasi arobaini simba wanaunguruma mezani kwangu na hakuna hata mmoja kati yetu aliyewahi kuishi na simba. Nikafika karatasi ya mtu ambaye darasani hasemagi, Kiingereza chake kimevunjika pande zote, lakini nikiiweka kwa Kiswahili kaandika hivi: mvua inagonga bati la kwetu kama mtu anayetudai.

Nikaweka kalamu chini nikaisoma tena. Alafu nikaangalia jina alilotaja, kaandika metafa. Mwongozo wa kusahihisha, ambao nimeuandika mimi mwenyewe, unasema jina likikosewa ni sifuri. Nimekaa pale dakika kama tano hivi, chai imepoa, nikanyoosha mstari mwekundu juu ya neno metafa na pembeni nikamwandikia kwa herufi kubwa SIMILE!, na chini yake mbili juu ya tatu.