Kumbukumbu ya mradi: pampu ya protoni ya hamira

Jaribio la glukosi sasa limetulia. Hamira ya mkate iliyoshindishwa njaa, ikipewa glukosi, inashusha pH (kipimo cha asidi: ikishuka, protoni zimeongezeka) ya maji yanayoizunguka kutoka karibu 6 hadi karibu 4 ndani ya dakika 20. Mfanyakazi mkuu ni Pma1, protini iliyopenya utando wa seli: kwa kila ATP (molekuli ya nishati) inayovunja, inasukuma protoni moja nje. Ndani ya seli pH inakaa karibu na 7, na kila hatua moja ya pH ni mara kumi, kwa hiyo nje kuna protoni zilizokolea takriban mara 1,000 kuliko ndani, na bado pampu inasukuma! Utamu wa mradi huu uko hapo.

Vipimo: gramu 5 za hamira kavu kwa mililita 100 za maji ya nyuzi 35 hadi 40. Maji baridi yanaharibu kazi, kwa sababu utando uliokauka bado mgumu na seli zinavuja. Acha hamira itue, mwaga maji ya juu, rudia mara mbili. Kisha iache saa mbili kwenye mililita 100 za maji mapya yenye KCl (kloridi ya potasiamu) gramu 0.75 kwa lita, ukipuliza hewa kwa pampu ya tangi la samaki. Bila KCl kipima pH kinayumba. Tena potasiamu inaisaidia Pma1: protoni zikitoka, ndani kunazidi kuwa hasi, na potasiamu inayoingia kupitia Trk1, protini nyingine ya utando, inapunguza mkazo huo.

Maji ya bomba hayafai, maana bikaboneti iliyomo inameza protoni. Tumia maji ya kuongezea betri, ila soma lebo vizuri: asidi ya betri nayo huuzwa kwenye chupa zinazofanana.

Sahihisha kipima kwa bafa (vimiminika vyenye pH inayojulikana) za 4.01 na 7.00, weka glukosi gramu 1.8, andika pH kila sekunde 30. Glukosi ya dukani iliyotiwa kalsiamu fosfati iache; fosfati inazuia pH kushuka.

Kipimo cha kulinganisha ndicho kimenifurahisha zaidi. Kwa laktosi (sukari ya maziwa), gramu 3.6, badala ya glukosi, pH karibu haisogei: hamira hii haina protini ya kuipitisha. Sukari ya mezani, yenye molekuli ya ukubwa uleule, inafanya kazi, kwa kuwa kimeng'enya cha hamira, invatesi, kinaikata nje ya utando, halafu glukosi na fruktosi zinapita kwenye protini za Hxt, milango ya sukari kwenye utando, bila kutumia ATP.

Kuna shaka kwamba kaboni dayoksaidi inayotolewa na hamira ndiyo inayoshusha pH. Puliza hewa dakika 10 baada ya kipimo. pH isipopanda sana, gesi si sababu kuu. Asidi nyingine zinazotolewa na hamira, kama ya saksiniki, hazitoki kwa hewa, kwa hiyo usiihesabie pampu mteremko wote.

Kinachofuata ni maltosi (sukari ya kimea). Hiyo huingia pamoja na protoni, hivyo pH inatarajiwa kupanda kidogo kwanza. Hamira itakuzwa kwenye maltosi kabla ya kipimo, kwani glukosi huzima jeni za kisafirishaji chake.