Mume wangu alipopunguzwa kazi, nilitangulia mimi kutafuta ajira

Kampuni ilipopunguza wafanyakazi, jina la mume wangu lilikuwemo kwenye orodha. Alikuwa fundi wa mitambo mwenye uzoefu mrefu, hajawahi kupewa hata barua ya onyo, lakini kitengo chao chote kilifungwa na kibarua kikaota nyasi. Mimi wakati huo nilikuwa nafanya hesabu za watu kwa vipande: wafanyabiashara wadogo wananiletea stakabadhi zao mwisho wa mwezi, nawaandalia vitabu, wananilipa. Fedha hiyo ilikuwa ya kujazia. Nyumba ilisimama juu ya mshahara wake.

Naandika haya kwa ajili ya yule asiyepunguzwa. Ushauri mwingi huelekezwa kwa aliyepoteza kazi, na anaustahili. Ila pembeni yake kuna mtu anayesikia habari ileile, siku ileile, na anatakiwa aonekane imara. Mwaka 1967 madaktari wawili wa magonjwa ya akili nchini Marekani, Thomas Holmes na Richard Rahe, walichapisha kipimo cha matukio yanayomlemea binadamu. Kifo cha mwenzi walikipa pointi 100, kufukuzwa kazi 47, hali ya fedha kubadilika 38, na mwenzi kuanza au kuacha kazi 26. Hayo mawili ya mwisho yalikuwa yangu hata kabla sijatuma barua moja ya maombi. Kulijua hilo kulinisaidia nisishangae kwa nini nachoka wakati kibarua kilichoota nyasi si changu.

Kabla ya kutafuta chochote tulishughulika na karatasi. Hapa msikawie. Mume wangu alirudi ofisi ya utumishi na maswali tuliyoyaandika pamoja: malipo ya notisi ni kiasi gani, siku za likizo ambazo hajazitumia zinalipwaje, kiinua mgongo kinatoka lini, bima ya afya inakoma tarehe gani, michango ya pensheni imewasilishwa mpaka mwezi upi. Sheria za nchi zinatofautiana, lakini misingi ya notisi na malipo ya kuachishwa imo hata kwenye Mkataba namba 158 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1982, kwa hiyo mtu asione haya kuuliza. Na palipo na mafao ya kukosa ajira, muda wa kuyaomba huwa na mwisho. Aliomba pia barua inayosema wazi kwamba ameondolewa kwa sababu ya kupunguza wafanyakazi. Barua hiyo ni ya thamani, maana mwajiri mpya akiuliza kwa nini uliondoka, jibu limeshaandikwa na mwingine.

Kisha tukaandika matumizi yasiyokwepeka, tukayagawa kwa fedha iliyopo, tukapata idadi ya miezi tunayoweza kuishi. Idadi hiyo ndiyo iliyoniambia naweza kuchagua kazi kwa kiasi gani. Asiyeijua anaikubali ajira ya kwanza kwa hofu tu, au anazikataa nzuri akidhani ana muda.

Suala la nani atangulie halikuwa jepesi. Mume wangu ni mtu wa kujibebea mzigo wake.

"Usiombe kazi kwa sababu unaniogopea," aliniambia.

"Naomba kwa sababu kila ofisi ina hesabu," nikamjibu. "Mitambo yako iko kwa waajiri wachache, na wakikuita leo watakuajiri baada ya miezi. Niache nitangulie ili wewe usilazimike kupokea chochote kitakachokuja."

Alinyamaza, kisha akauliza kama wasifu wangu upo. Nilichukulia hiyo kuwa ndiyo.

Kilichonisumbua zaidi ni wasifu na ile barua ya maombi. Rafiki yangu mmoja, kwa nia njema kabisa, alinishauri nieleze hali ya nyumbani ili waajiri waelewe ninavyoihitaji kazi. Nilikataa, na bado nasimama hapohapo. Zamani, nilipokuwa nimeajiriwa, niliwahi kukaa kwenye jopo la kumpata karani wa hesabu. Tuliwaonea huruma waombaji wengi, huruma ya kweli, lakini tukamchukua aliyetuonyesha jinsi anavyolinganisha daftari la fedha na taarifa ya benki. Shida ya nyumbani ndiyo iliyoniamsha nitafute kazi, lakini mwajiri ana shida yake, na nafasi aliyoitangaza inahusu hiyo ya kwake. Kwa hiyo barua yangu ilizungumzia vitabu vyake, siyo mfuko wangu.

Wasifu wangu wa zamani ulikuwa na sentensi kama hii: "Nilihusika na utunzaji wa kumbukumbu za fedha." Ukiisoma hujui nilifanya nini. Niliibadilisha ikawa: "Kila mwezi nililinganisha daftari la fedha na taarifa za benki za biashara tatu, nikafuatilia tofauti hadi zikafungwa, na nikaandaa orodha ya wadaiwa." Ni kazi ileile, ila sasa inaonekana. Zile kazi za vipande, ambazo mwanzoni nilitaka kuziacha nje kwa kuwa hazikuwa na mkataba wa ajira, niliziweka juu kabisa chini ya kichwa "Mtunza hesabu wa kujitegemea", na mwaka wa kuanza. Pengo nililoliogopa likawa kazi yenye jina. Wateja wawili walikubali kuwa wadhamini wangu. Niliwapigia kwanza na kuwaeleza naomba nafasi ya namna gani, ili wakipigiwa simu wasianze kubahatisha.

Jambo jingine la wasifu ni kwamba waajiri wakubwa wengi hupokea maombi kupitia programu inayoyachuja kabla ya binadamu kuyaona. Majedwali, picha na mpangilio wa safu mbili vinaweza kuichanganya. Nilitumia mpangilio wa kawaida, safu moja, na maneno yaleyale ya tangazo. Wakiandika "wadai na wadaiwa", nami naandika hivyohivyo, mradi ni jambo ninaloliweza kweli.

Matangazo niliyajibu, lakini mchongo haukutokea huko. Mwaka 1973 mwanasosholojia Mark Granovetter alieleza alichokikuta kwa watu wa kitongoji kimoja karibu na Boston waliopata kazi kupitia watu wanaofahamiana nao. Zaidi ya nusu yao walikuwa wakionana na aliyewapa habari mara mojamoja tu, na zaidi ya robo ni kwa nadra. Sababu yake inaeleweka: watu wetu wa karibu wanajua yaleyale tunayoyajua sisi, ilhali mtu wa mbali anakaa mahali ambapo habari nyingine zinapita. Watu husema koneksheni kana kwamba ni lazima uwe na mjomba mwenye cheo. Mimi sina. Nilikuwa na watu niliosoma nao, mkaguzi aliyewahi kuvipitia vitabu vya mteja wangu, na dada mmoja tuliyefanya kazi ofisi moja kabla sijaacha ajira.

Kuandika ujumbe kwa mtu ambaye hujamsalimu kwa miaka kunatia aibu. Nilikaa na simu mkononi nikifuta na kuandika upya. Niliomtumia yule dada ulikuwa huu: "Habari za siku nyingi dada. Natumaini wewe na familia hamjambo. Nimerudi kutafuta ajira ya kudumu kwenye uhasibu, hasa wadai, wadaiwa na ulinganisho wa benki. Sikuombi unitafutie kazi. Nauliza tu, ofisi yenu au mnazofanya nazo kazi, ni ipi ambayo idara yake ya hesabu imeelemewa siku hizi?" Swali hilo nililichagua makusudi. Ukimuuliza mtu kama ana kazi, wengi watakujibu hapana, nayo mazungumzo yameishia hapo. Ukimuuliza ni nani ameelemewa, anaanza kufikiri. Alinijibu jioni ileile: mmoja wa wasambazaji wao alikuwa na ankara zilizorundikana, na mhasibu msaidizi alikuwa ameondoka. Nafasi ilikuwa haijatangazwa.

Kabla ya hapo alinipigia mtu mwenye sauti ya upole akisema ni wakala wa ajira, nafasi ipo, nilipie "ada ya faili" kwanza. Nilikata simu. Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, unaweka kanuni kwamba mawakala binafsi wa ajira wasiwatoze wafanyakazi ada, isipokuwa pale serikali iliporuhusu kwa makundi fulani. Wakala halali hulipwa na mwajiri. Nyumba iliyopoteza mshahara ndiyo wanayoiwinda watu hawa, maana wanajua kiinua mgongo kimetoka na hofu imetanda. Inaniuma sana kuona wanaotapeliwa ndio walioumia tayari.

Kwenye usaili kwa yule msambazaji mwenye ankara zilizorundikana, walinipa kompyuta yenye orodha ya malipo na taarifa ya benki, wakaniambia nitafute kwa nini hazilingani. Niliomba karatasi. Nilianza na tofauti yenyewe, nikaigawa kwa tisa. Ikagawanyika bila baki. Wahasibu wanajua maana yake: pengine mtu amepindua tarakimu, ameandika 54 badala ya 45. Nikatafuta ankara yenye sura hiyo na nikaipata. Yule meneja alisogeza kiti chake karibu.

Baadaye likaja swali nililokuwa nikilisubiri: "Kwa nini ajira ya kudumu, na kwa nini sasa?" Nilikuwa nimelifanyia mazoezi na mume wangu, yeye akikaa upande wa mwajiri na kunibana bila huruma. Nilijibu kwamba nimefanya hesabu za biashara ndogo kwa miaka, nimezijua kutoka stakabadhi hadi mizania, na sasa nataka kukaa na vitabu vya taasisi moja mwaka mzima nione vinafungwa. Nilisema kweli tupu. Kupunguzwa kwa mume wangu nako ni kweli, lakini ni habari yake, na hakuwa yeye aliyekuja kusailiwa.

Nilipewa nafasi pale. Wakati huohuo ofisi nyingine iliyokuwa imenisaili ikanipa mshahara mkubwa zaidi, kwa mkataba wa miezi michache, bila bima. Mshahara mkubwa unavutia mno macho yakiwa yamekazia madeni. Tulikaa na karatasi mbili mezani tukalinganisha yote: bima inayomhusisha mwenzi na watoto, mchango wa pensheni, muda wa majaribio na notisi yake, nauli, saa za kutoka. Bima ya mume wangu ilikuwa karibu kukoma. Ukiongeza gharama ya kujikatia bima wenyewe, ule mkubwa ukawa mdogo. Nilichukua wa kwanza, na kabla ya kusaini niliuliza kama mshahara unaweza kupandishwa muda wa majaribio ukiisha. Walikubali, nikaomba waliandike kwenye mkataba. Ningekuwa nimewaeleza hali ya nyumbani tangu mwanzo, sidhani kama ningekuwa na ujasiri wa kuuliza hilo.

Nyumbani kulikuwa na kazi yake pia. Tulikubaliana kwamba habari za maombi yake zizungumzwe jioni moja tu ya wiki, na siku nyingine nisimuulize "umepata nini leo". Swali hilo linaonekana dogo kwa anayeliuliza. Kwa anayeulizwa kila siku linauma. Ndugu walipoanza kumsema kwamba analishwa na mke, niliwajibu mimi mwenyewe, mbele yake, kwamba huyu ndiye aliyenilea miaka yote niliyokuwa nafanya vibarua, na sasa ni zamu yangu. Watoto tuliwaambia ukweli kwa maneno mepesi: kazi ya baba imeisha, mama ameanza nyingine, baba anatafuta.

Asubuhi alikuwa anawaandaa watoto na kuwapeleka shule, kisha anakaa mezani na maombi yake hadi mchana. Hakupokea kazi ya kwanza aliyoitiwa, ya kulinda stoo, kwa kuwa ingemtoa kwenye ufundi wake. Aliweza kuikataa kwa sababu mshahara mmoja ulikuwa unaingia. Alienda kuongeza cheti cha mitambo ya umeme, na kupitia mkufunzi wa pale, mtu waliyejuana kwa muda mfupi tu, akaitwa kwenye kiwanda. Anaanza kwa mkataba wa mwaka mmoja, kwa mshahara ulio chini kidogo ya ule wa zamani. Mimi naendelea na kazi yangu, na wale wateja wawili wa zamani bado nawafungia vitabu Jumamosi.