Sumaku ya Baba Mdogo

Jana binti yangu kaiangusha ile sumaku ya mlangoni mwa friji, ikavunjika vipande viwili. Akavirudisha vyote, vyote vikashika. "Baba, kwani nguvu imekaa kipande gani?" Nikajifanya natafuta chaja.

Baba mdogo alikuwa fundi redio, na likizo nilikuwa kwake. Kwenye msumari kando ya meza alitundika sumaku ya spika mbovu, pete nyeusi nzito, ya kuokotea skrubu zikianguka. Kila akiirudisha ilijigonga msumarini yenyewe: ta! Ilikuwa imegandamana gundi. Siku alipokwenda kununua transista, nikaona nimsafishie. Nikaifukia kwenye jiko la mkaa.

Gundi ikaungua kwa moshi wa kukereketa koo. Nikapepea mpaka pete ikaiva nyekundu, nikaitoa kwa koleo, nikaiacha mchangani ipoe. Imetakata! Nikaitumbukiza kwenye kopo la skrubu, nikakoroga kama uji, nikainua. Hata moja. Nikaiburuza mchangani, ambako siku zote iliota masharubu ya vumbi jeusi. Ikatoka kidevu kitupu.

Miaka baadaye ndipo nilipojua kuwa sumaku ile inaitwa feraiti: oksidi ya chuma, ndugu yake kutu, iliyochanganywa na bariamu au strontiamu kisha ikachomwa tanurini kama chungu, nyuzi zaidi ya 1,000. Kumbe ilizaliwa motoni! Ila nguvu hutiwa mwishoni, ikishapoa, kwa koili ya umeme mkali. Ndani yake mna vijisehemu vingi, kila kimoja kisumaku. Koili huvigeuza vyote viangalie upande mmoja. Ukiivunja, kila kipande kinabaki na vyake vimepangika. Ukiipasha kupita nyuzi 450 hivi, mpango unavurugika, na ikipoa kila kimoja kinaangalia kwake.

Baba mdogo akarudi. Jioni skrubu ikamponyoka. Akapitisha sumaku chini ya meza, akapitisha tena. Akaigeuza. Akaifuta kwenye suruali, akajaribu upya. Mimi nimeinamia redio, nafuta vumbi lisilokuwepo.

"Hata sumaku inazeeka," akasema, akapiga magoti kuitafuta skrubu kwa vidole.

Kisha akaitundika palepale. Haikugonga, ilibembea tu. Jiko lilikuwa bado linanuka gundi, na hadi leo sijui kwa nini hakuniuliza.