Mita moja, wapangaji sita: tulivyojifunza kuulizia haki ya umeme Ngamiani

Tulikuwa watatu: injinia wa umeme, mwanasheria, na mimi mwanafunzi wa sosholojia. Chuo kilitaka tuchunguze pamoja swali moja: katika mambo ya nishati, nani ananufaika, nani anabeba gharama, na je, ni haki? Wenzangu walitaka tuanze na bomba la mafuta ghafi, nami sikupinga. Kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani hapa Tanga; ungeanzia wapi kwingine?

Mkutano wa kwanza na wakazi tuliufanya katika ukumbi wa kukodi. Injinia alieleza kwa nini mafuta ya Uganda lazima yapashwe moto njia nzima, maana yana nta nyingi na yakipoa huganda. Mwanasheria akaeleza sheria za fidia. Watu walisikiliza kwa adabu, kimya. Kisha bibi mmoja aliyeketi karibu na mlango akasema, "Wanangu, na huu umeme wa LUKU tunaogombania kila wiki nyumbani, huo hamuuchunguzi?"

Ukumbi mzima ukachangamka. Injinia akajibu kwamba bei imewafikiria wanyonge: mtumiaji mdogo, asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, hulipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo. Bibi akatikisa kichwa. "Njooni uani kwangu mhesabu."

Tulikwenda baada ya kuonana na mwenyekiti wa mtaa. Ni nyumba ya Kiswahili ya Ngamiani, hapa hapa mjini Tanga, vyumba vitatu kila upande, ukumbi katikati, mita moja. Hapo ndipo nilipoliona tatizo lenyewe. Kila mpangaji, ukimchukua peke yake, ni mtumiaji mdogo kabisa. Lakini mita haijui wapangaji. Inamjua mteja mmoja, na mteja huyo anazipita uniti 75 mapema, akatoka kwenye bei ya nafuu. Watu sita wenye kipato kidogo wanalipa bei ambayo mtu mmoja mwenye nyumba na mita yake, akijibana, haimgusi.

Humo ndani kulikuwa na jambo jingine. Walikuwa wakichanga sawasawa kila chumba. Bibi ana taa moja na redio; mama wa chumba cha pili ana friji ya barafu za kuuza. LUKU maana yake ni Lipa Umeme Kadri Utumiavyo, na bibi hakuwahi kulipa kadri atumiavyo. Mama wa friji naye alikuwa na lake: "Friji ndiyo inayosomesha wanangu. Na Ramadhani nyote mnafuturia maji ya baridi kwangu."

Niliweka dodoso kando, maana halikuwa na nafasi ya maneno kama hayo. Niliwaomba wenzangu kila mmoja alete kile anachokijua. Injinia alileta kifaa cha kuchomeka ukutani, akapima kila chombo kwa wiki nzima. Mwanasheria alitafuta nani hasa ni mteja, akakuta ni mwenye nyumba, asiyeishi hapo. Mimi niliandika magomvi: nani alianza, nani alinyamaza, nani alilipa ili yaishe. Fomu za ridhaa nilizisoma kwa sauti moja baada ya nyingine, kwa kuwa watu wa pwani tunaogopa, kwa sababu nzuri, kutia saini karatasi tusiyoielewa.

Majibu tuliyarudisha uani, jioni, kwa punje za mahindi juu ya mkeka. Fungu la bibi lilikuwa punje za kuhesabika kwa vidole. La friji lilijaza kisahani. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Walibishana hadi isha, wakakubaliana: kila mmoja achange kwa vyombo vyake, ila mwezi wa Ramadhani friji iwe ya wote.

Injinia, ambaye mwanzoni aliniambia 75 ni namba ya kiufundi tu, ndiye aliyependekeza tuwaandikie wanaopanga bei kuhusu nyumba zenye mita moja. Rasimu tuliisoma palepale uani. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akatuambia tufute neno "wanyonge" kila lilipo, tuandike "wapangaji".