Jino Lililoniunguza Vidole

Nilikuwa bado nasomea ubingwa wa meno Dar es Salaam, siku mwalimu wangu alipokuwa akitoa posti ya chuma, yaani kijiti kinachosimikwa ndani ya mzizi ili kushikilia sehemu ya juu ya jino, kwenye jino la mbele la mama mmoja. Mzizi ulishatibiwa miaka ya nyuma, usaha ukawa umerudi kwenye ncha yake, na hapakuwa na njia ya kuusafisha upya bila kuitoa posti kwanza.

Kazi hiyo tunaifanya kwa kifaa cha altrasoniki. Ncha yake nyembamba hutetemeka mara 25,000 hadi 40,000 kwa sekunde, mpaka saruji inayoishika posti inapasuka. Mtetemo huo unazaa joto, na chuma hakikawii kulipitisha hadi kwenye mzizi, kisha kwenye mfupa. Ndiyo maana maji hurushwa muda wote.

Posti ilishaanza kucheza pale maji yalipopungua, yakawa matone, yakakatika. Daktari akainua mkono papo hapo.

"Mama, unasikia moto?"

Akatikisa kichwa. Angesikiaje, na sindano ya ganzi ilishamkolea hadi puani? Nesi akajaza chupa ya maji, kazi ikaendelea kwa vipindi vifupi vifupi, posti ikatoka.

Mgonjwa alipoondoka, daktari akachukua jino la mazoezi lenye posti kama ile. "Shika hapa kwenye mzizi." Akafunga maji, akagusisha ncha ya kifaa kwenye posti. Hata dakika haikufika: joto likapenya glavu, nikaliachia jino likadondoka kwenye trei.

"Wewe umeachia," akasema. "Mfupa wa yule mama ungekimbilia wapi?"

Ndipo akanieleza habari za Eriksson na Albrektsson, watafiti wa Sweden. Mwaka 1983 walionyesha kwamba mfupa wa sungura ukipashwa nyuzi 47 za Selsiasi kwa dakika moja tu, unadhurika. Mwili wetu una nyuzi 37. Zinabaki 10, na chuma kikavu kinaweza kuzimaliza kabla hujamaliza kusafisha kioo chako cha kutazamia kinywani.

Wapo wenzangu wanaofunga maji ili waone vizuri. Naelewa, maana maji yanaziba kioo kweli na kazi inachelewa. Lakini kwangu hilo halina mjadala. Nikitaka kuona, nasimamisha kifaa, nesi ananyonya maji, natazama, kisha tunayafungulia tena.