Mapigo 442: wimbo wa Christchurch umekaa sawa

Mliofuatilia mradi huu mnajua tulikwama wapi. Mimi na shemeji yangu, wawili tu, hapa Kaloleni, Arusha, tunatengeneza albamu ya vinanda kwa mlio wa miaka ya 80, na nyimbo zote ni za maisha ya mtu mmoja: Filbert Bayi, mkimbiaji wa Karatu. Wimbo wa pili, wa Christchurch, ulitugomea mwezi mzima.

Kisa chenyewe wengi mnakijua. Tarehe 2 Februari 1974, fainali ya mita 1500, Michezo ya Jumuiya ya Madola. Bayi alichomoka bastola ilipolia, akaongoza mwanzo hadi mwisho, akamaliza kwa dakika 3 na sekunde 32.16, rekodi ya dunia. John Walker, aliyekuwa akimfukuzia mbele ya watu wa kwao New Zealand, alimaliza kwa 3:32.52, naye akiwa ameipita rekodi ya zamani. Ben Jipcho wa Kenya akawa wa tatu.

Tangu mwanzo nilitaka urefu wa wimbo uwe urefu wa mbio zenyewe. Shem alikuwa ametega mapigo 120 kwa dakika, maana ndiyo kasi iliyomkaa mguuni, na kila mara muda ulikwisha katikati ya pigo, kama mtu aliyekatwa kauli.

Alhamisi umeme ulikatika mapema. Nikakaa gizani na kikokotozi cha simu, najaribu kasi moja baada ya nyingine. 118, haiingii. 122, haiingii. Nikaweka 125: pigo moja ni sekunde 0.48. Sekunde 212.16 gawanya kwa 0.48. Jibu likaja 442. Kamili, bila hata nukta. Nikarudia mara tatu nikidhani nimekosea kubonyeza.

Kisha nikatazama pengo la Bayi na Walker: sekunde 0.36. Hiyo ni robo tatu ya pigo! Aliyewahi kuchezea vinanda vya enzi zile anaijua dilei ya robo tatu, yaani mwangwi unaoirudia noti baada ya robo tatu ya pigo. Ndiyo inayofanya noti moja isikike kama iko mbioni. Nikampigia Shem saa nne usiku.

“Shem, Walker ni mwangwi.”

“Umekunywa nini?”

“Wewe njoo na kinanda.”

Kinanda ni cha kwaya, lazima kirudi kabla ya mazoezi ya Jumamosi, kwa hiyo tulikuwa na usiku mmoja na nusu. Sauti zenyewe nyingi zinatoka kwenye kompyuta, katika Dexed, programu ya bure inayoiga Yamaha DX7 ya mwaka 1983. Kila noti anayopiga Shem inarudi baada ya sekunde 0.36, chini kidogo, upande wa kushoto. Inafukuza, haifiki.

Tulibishana kuhusu mwanzo. Shem alitaka utangulizi wa taratibu, vyombo viingie kimoja kimoja. Nikamwambia huyo si Bayi. Mita 400 za kwanza alizimaliza chini ya sekunde 55! Basi kiitikio kinaanza pigo la kwanza, vyombo vyote ndani, halafu tunavipunguza kadiri pumzi inavyokata. Baada ya dakika ya tatu zimebaki ngoma, besi na mwangwi. Pigo la 442 linagonga, kimya, kisha mwangwi unagonga peke yake.

Kosa langu: niliupitisha wimbo mzima kwenye dekki ya kaseti niliyoifufua hapa kwenye meza yangu ya ufundi, ili upate ule mchakacho wa zamani. Mkanda wake wa mpira umelegea. Wimbo ukatoka na dakika 3 na sekunde 34. Rekodi ya dunia imetupotea kwa ajili ya raba! Sasa dekki inapata sauti za waitikiaji tu.

Vishindo vya miguu tulirekodi alfajiri Uwanja wa Sheikh Amri Abeid, Shem akikimbia na simu mkononi, akihema zaidi ya alivyokimbia. Nimeketi pale nahesabu mapigo, nikakumbuka kwamba uwanja una jina la mshairi, tena yule aliyetuandikia sheria za vina na mizani. Nimeyarudia maneno yote kwa mizani kumi na sita. Na hatuimbi “mimi” popote. Bayi yupo, ana mdomo wake.

Unaofuata ni Montreal 1976, ambako Tanzania iligomea Olimpiki kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda Afrika Kusini ya makaburu, na Bayi na Walker hawakukutana. Huo hautakuwa na mwimbaji.

Kinanda kilirudi kwa wakati. Ila Jumapili Shem aliipiga pambio kwa kasi ya 125, na kwaya ikaishiwa pumzi ubeti wa pili.