Pesa Tunaziomba, Ratiba Tuachieni

Kila redio yetu inapofungua simu za michango, hawakosekani wasikilizaji wenye masharti. "Nitatoa, lakini kile kipindi cha Jumanne usiku mkipunguze." Mwingine yuko tayari kutoa mara mbili ya mwaka jana iwapo mtangazaji fulani atarudishwa saa za asubuhi. Ni watu wema. Wanatusikiliza kuliko ndugu zetu wenyewe, na baadhi yao wako nasi tangu studio ilipokuwa na kipaza sauti kimoja. Nawajibu kwa adabu kwamba mchango naupokea kwa mikono miwili na maoni nayaandika, ila mambo hayo mawili hayaingii kwenye daftari moja. Wapo wanaoudhika, na wapo wanaokata simu. Nawaandikia wao, kwa sababu pale kwenye simu, mwingine akiwa anasubiri, nafasi ya kujieleza haipo.

Ninachokiamini ni hiki: pesa ya msikilizaji hukipa kituo uhuru pale tu inapoingia bila kufungwa kwenye kipindi. Ikifungwa, tumebadili bwana, basi.

Kabla ya kuja hapa nilikuwa mtayarishaji wa vipindi kwenye kituo cha biashara. Tuliwahi kuandaa ripoti kuhusu wafanyakazi wa ghala waliokuwa wakikatwa mshahara kwa kuchelewa dakika chache, huku foleni ya ukaguzi pale getini ndiyo iliyowachelewesha. Sauti zilikuwa safi, nyaraka zilikuwepo, na upande wa mwajiri ulikuwa umeombwa majibu. Mwajiri huyo alikuwa mdhamini wa taarifa yetu ya habari ya jioni. Hakuna aliyetupigia simu kutoka kwake, hakuna aliyetutisha. Mhariri aliisikiliza ripoti yote, akasema tuipumzishe kidogo, na imepumzika mpaka leo. Shinikizo la mdhamini mara nyingi halina sauti. Yeye hana haja ya kufungua mdomo. Chumba cha habari chenyewe hujifunza pa kupita na pa kutopita. Mwandishi mgeni haelezwi kitu. Anaona tu mada zipi zinapitishwa asubuhi ile ile na zipi zinarudishwa kila mara eti zifanyiwe kazi zaidi.

Kwa hiyo nilipoingia kwenye kituo kinachoishi kwa michango, nilidhani nimeliacha tatizo hilo nyuma. Sehemu kubwa nimeliacha kweli. Naweza kurusha ripoti kuhusu kampuni yoyote na kesho yake mishahara ikalipwa. Lakini tatizo lina mdogo wake, na huyo ndiye anayekuja na masharti kwenye simu.

Redio ya michango ya hiari ina mwanzilishi anayejulikana. Lewis Hill aliwahi kuwa mtangazaji wa habari Washington, na wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alikataa kushika silaha kwa sababu ya imani yake katika amani. Alihamia California, na tarehe 15 Aprili 1949 kituo cha KPFA kikaingia hewani mjini Berkeley bila tangazo hata moja la biashara. Kilirusha kwa FM wakati ambapo nyumba nyingi hazikuwa na redio ya kunasa FM, kwa hiyo hata wasikilizaji wenyewe wa kuombwa michango ilibidi kwanza watafutwe. Pesa zikakata. Mwaka 1950 KPFA kilinyamaza kwa miezi kadhaa, waliokuwa wamekizoea wakachangishana, na mwaka 1951 kikarudi.

Hesabu ya Hill naipenda sana. Alikadiria kwamba kituo cha namna hii kinaweza kuishi iwapo asilimia 2 ya wanaoweza kukisikia katika eneo lake la matangazo watachangia. Wengi wakisikia hesabu hiyo huishangaa hiyo asilimia 2. Mimi huwaza zile 98. Hill hakuwafungia mlango. Mawimbi hayaulizi nani kalipa. Yanaingia kwa mgonjwa wodini, kwa dereva wa usiku, kwa kijana ambaye hajaanza kazi, na wote wanasikia kitu kile kile kwa ubora ule ule. Anayechangia anajua tangu mwanzo kwamba anawalipia na wengine. Sasa akianza kudai kwamba ratiba ifuate wanaolipa, hao 98 tumewatoa nje bila kuwaambia.

Mfano ninaoutaja mara nyingi zaidi ni wa WMMT, kituo kidogo cha Whitesburg, Kentucky, katika milima ya Appalachia. Eneo lile limejengwa magereza mengi, na wafungwa wengi wametoka miji ya mbali mno kwa familia zao kuwatembelea. Jumatatu usiku kituo hiki kina kipindi ambacho ndugu hupiga simu kwa namba isiyowagharimu, wakaacha ujumbe, na ujumbe huo ukarushwa hewani ili walioko ndani ya kuta wausikie kwenye redio zao. Mama anamtakia mwanawe heri ya siku ya kuzaliwa. Mtoto anasoma matokeo yake ya shule. Mke anaeleza kwamba wakili amejibu. Mimi nimetumia maisha yangu kwenye redio, na sijui kama kuna matumizi bora zaidi ya mnara na mitambo kuliko hayo.

Kitazame sasa kipindi hicho kwa macho ya mtu wa fedha. Wasikilizaji wake wakuu wako gerezani, hawawezi kuchangia chochote cha maana. Familia zao ziko mbali na nyingi hazina uwezo. Mpenzi wa muziki wa asili wa milimani, ambaye ndiye huenda akatoa mchango, Jumatatu usiku anasikia salamu za watu asiowajua. Kama kila mchangiaji angekuwa na kura juu ya saa yake anayoipenda, kipindi kile kingekuwa cha kwanza kuondoka. Kipo kwa sababu kuna watu waliotoa pesa zao wakakiachia kituo kiamue.

Na sisi tunao wasikilizaji wa namna hiyo. Katika wiki ya michango, kila simu inayoingia tunaiandikia saa. Ukikaa na karatasi zile usiku, unaona jinsi zinavyokusanyika: muziki wa zamani wa Jumamosi zinajaa mpaka pembeni, mjadala wa asubuhi vilevile. Halafu kuna kipindi cha msaada wa kisheria kwa wapangaji. Simu zake ni nyingi ajabu, na karibu zote ni za kuuliza maswali: mwenye nyumba kabadilisha kufuli, notisi imekuja bila tarehe, amana haijarudishwa. Anayepiga anashukuru, anaomba radhi kwamba hana cha kutoa, anakata. Kwa mujibu wa karatasi, kipindi hicho kimeleta karibu na sifuri. Kila mwaka kuna mjumbe wa bodi anayeninyooshea karatasi ile, na kila mwaka namwomba asikilize kipindi chenyewe kwanza.

Jaribu hili si letu peke yetu. Katika miaka ya 1980 mtafiti David Giovannoni na wenzake waliichunguza hadhira ya redio za umma za Marekani: nani anakaa muda mrefu na kituo, na nani hatimaye anatoa pesa. Walibaini kwamba kiwango cha elimu ndicho kinachomtambulisha msikilizaji huyo kuliko kitu kingine. Vituo vingi vikaifuata ramani hiyo. Vipindi vinavyofanana vikapangwa mfululizo ili msikilizaji asihame, na vile vya makundi madogo vikasogezwa usiku wa manane au vikafutwa. Michango ikapanda. Sitawakebehi waliofanya hivyo. Pesa hizo zililipa waandishi na zikazalisha habari zenye uzito. Lakini tuseme wazi kilichotokea: redio iliyoundwa kuwahudumia wasiofikiwa na redio za biashara ikajikuta inawasikiliza zaidi wasomi wenye kipato. Na hapakuwa na tajiri aliyeamuru. Ni karatasi za simu tu zilizosomwa kwa bidii.

Kuna wanaosema dawa ni kuwapa wachangiaji kura kabisa. KPFA imelipitia hilo pia. Julai 1999 uongozi wa Pacifica, taasisi mama ya kituo, uliwafungia nje wafanyakazi wa KPFA wenyewe, na maelfu ya watu wakaandamana Berkeley mpaka studio zikafunguliwa. Mageuzi yaliyofuata yaliwapa wachangiaji haki ya kuchagua wajumbe wa bodi. Maandamano yale nayaheshimu kwa moyo wote. Hata hivyo, miaka iliyofuata ilijaa kambi zinazogombania viti kwa niaba ya vipindi vyao, na taasisi ikalemewa na madeni. Kwa maoni yangu, msikilizaji achague watu wa kusimamia hesabu, maadili na leseni. Saa ya kipindi fulani isipigiwe kura.

Tena hata pesa ya wasikilizaji walio wamoja kabisa ina kikomo chake. Wachimba madini wa Bolivia walikuwa na redio zao kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940, zilizoendeshwa na vyama vyao vya wafanyakazi kwa sehemu ya mishahara yao. Jenerali García Meza alipopindua serikali Julai 1980, redio hizo ziliungana kupeana habari hewani huku jeshi likizifuata moja baada ya nyingine. Bunduki zilizinyamazisha kwa muda. Kilichozimaliza nyingi ni bei ya bati: ilipoporomoka mwaka 1985, migodi ya serikali ikapunguza maelfu ya wafanyakazi, na mshahara ulipokwisha, redio nayo ikaisha. Nikisoma habari zao huwa nahesabu wachangiaji wetu ni wa kazi gani, wa rika gani, kwa hofu kwamba tumeegemea upande mmoja mno.

Ndiyo maana siidharau pesa ya umma. Mwaka 1967 Marekani ilitunga sheria iliyoanzisha CPB, shirika lililowekwa katikati makusudi ili fedha za serikali zifike kwenye vituo bila mkono wa mwanasiasa. Julai 2025 Bunge la nchi hiyo lilifuta dola bilioni 1.1 zilizokuwa zimeshatengwa kwa miaka miwili, na Agosti CPB ikatangaza kwamba inafunga shughuli. Vituo vya miji mikubwa vilipata pengo. Vituo vya vijijini na vya jamii za wenyeji asilia, ambavyo ruzuku hiyo ilikuwa sehemu kubwa ya bajeti yao, vilipata msiba. Wasikilizaji wengi wakakimbilia kuchangia, na nilifurahi kuliona hilo, lakini eneo lenye watu wachache haliwezi kuchanga kama jiji hata wote wakitoa. Asilimia 2 ya wachache ni wachache zaidi.

Kati ya vituo vyote ninavyovifuatilia, kinachonipa moyo ni WFMU cha New Jersey. Kilikuwa mali ya chuo cha Upsala. Chuo kilipokuwa kinayumba, watu wa kituo walianzisha taasisi yao wakainunua leseni mwaka 1994. Mwaka uliofuata chuo kikafungwa, redio ikabaki hewani. Hakipokei wadhamini, hata zile shukrani fupi zinazoruhusiwa kwenye redio za umma, ambazo hazitakiwi kutaja bei wala kumwambia mtu akanunue. Kila mtangazaji anachagua mwenyewe anachokirusha, na baadhi ya saa zake mimi siziwezi, nazima. Wachangiaji wake nao bila shaka wana saa wasizoziweza. Wanatoa hata hivyo. Wanalipia haki ya mtangazaji kuwarushia wasichokitarajia.

Kwetu, mabishano haya yameishia kwenye fomu ya michango. Ile ya zamani ilikuwa na mstari wa kuandika kipindi ukipendacho, karibu kabisa na kiasi cha pesa, na jicho la anayejumlisha lilikuwa linaunganisha viwili hivyo lipende lisipende. Mstari huo tumeuondoa. Fomu ya sasa inauliza jina, kiasi, na kama utatoa mara moja au kila mwezi. Kila mwezi ni bora, hata kikiwa kiasi kidogo, kwa sababu mshahara wa mwandishi nao ni wa kila mwezi. Maoni yana anwani yake na siku yake. Kila robo mwaka tunakaa studio, milango wazi, na mchangiaji na asiyechangia wanapewa dakika sawa. Mapato na matumizi tunayasoma hewani, pamoja na jina la kila aliyetoa zaidi ya kiwango tulichokiweka, ili msikilizaji apime mwenyewe tunapoanza kumwogopa mtu.

Kipindi cha wapangaji kinabaki Jumanne usiku. Wanaotaka kiondolewe waje kwenye kikao. Viti vipo, na mtayarishaji wake atakuwepo kuwajibu.